Mama Kavira na Safu ya Nne

Inatangazwa kwa taadhima kuu, kwa watu wote wenye masikio na wasio na umeme, kwamba kuanzia mwaka ule wa masomo hakuna mwanafunzi wa chuo kikuu, awe wa kilimo, wa uuguzi, wa ualimu ao wa kupoteza muda, atakayekabidhiwa diploma kabla hajajua kompyuta. Inatangazwa zaidi kwamba Pinga, mji wetu mdogo, nayo ni sehemu ya dunia, kwa hiyo imo. Na inatangazwa mwisho kwamba mzigo huo mtukufu, wa kuwaingiza vijana sitini na watatu katika karne yao, umewekwa juu ya mabega ya Mama Kavira Elisabeth, mjane, miaka hamsini na minne, mwenye maumivu ya goti la kushoto.

Waraka wenyewe ulifika kwa pikipiki, ndani ya mfuko wa unga, umelowa pembe zote. Papa Albert, mkurugenzi wa chuo, aliusoma mbele ya walimu akiwa amesimama, halafu akausoma tena akiwa amekaa, halafu akauliza nani kati yetu amewahi kugusa kompyuta. Walimu waliangalia viatu vyao. Mmoja alisema amewahi kugusa televisheni. Njo hapo jina la Mama Kavira likatajwa, naye hakuwemo hata kwenye mkutano.

Mama Kavira alitoka Butembo akiwa bibi harusi, akimfuata mume aliyekuja kufungua duka Pinga: misumari, makufuli, betri, sabuni, miavuli. Kabla ya ndoa alikuwa mpiga chapa wa parokia. Miaka kumi na moja alikaa mbele ya mashine ya chuma, mgongo wima, vidole kumi, akiandika vyeti vya ubatizo na barua ambazo padri alimwandikia askofu, pamoja na nakala zake, kwa sababu askofu hakuwa na haraka ya kujibu. Mume wake alikufa kwa malaria juu ya pikipiki, njiani kuelekea hospitali, kati ya vizuizi viwili vya wenye bunduki vilivyokuwa vinabishana ni kipi kimpekue kwanza. Walipokubaliana, hakukuwa tena na wa kupekuliwa. Mama Kavira alimzika, akafunga duka siku tisa, siku ya kumi akafungua. Hakuwa mtu wa maneno mengi kabla ya hapo, na baada ya hapo alipunguza.

Papa Albert alimwendea dukani na kumweleza kwamba kompyuta ni mashine ya kupiga chapa iliyopata bahati ya kusoma. Mama Kavira aliuliza ziko ngapi. Papa Albert alisema kwa sasa iko moja. Aliuliza umeme. Papa Albert alisema iko jenereta. Aliuliza esansi, petroli ya jenereta. Papa Albert alisema Mungu iko.

Kwa hiyo Mama Kavira alifundisha kompyuta jinsi wenzetu wengine wanavyofundisha habari za mbinguni: kwa maelezo.

Alimwendea seremala. Kazi kubwa ya seremala siku zile ilikuwa masanduku ya maiti, na masanduku huacha mabaki ya mbao ambayo hayafai kwa lolote. Mama Kavira aliomba mabaki hayo. Zilitoka mbao sitini na tatu, kila moja urefu wa mkono, na juu ya kila mbao alichora kwa ncha ya msumari wa duka lake herufi zote za klavye, yaani kibodi, kila moja mahali pake. Mwanafunzi aliweka mbao juu ya magoti, mgongo wima, vidole kumi. Mwenzake mmoja alisimama mbele na chaki: huyo ndiye alikuwa ekra, kioo cha kompyuta. Wote waligonga mbao zao, na ekra aliandika ubaoni kile kilichogongwa na aliyeitwa. Mwingine alikaa kwenye kona na kikapu: ukifuta kitu, ekra anakifuta ubaoni, na mwenye kikapu anakiandika kwenye kikaratasi na kukitumbukiza. Mama Kavira alisisitiza sana juu ya kikapu. Aliwaambia kwamba kitu kilichofutwa katika kompyuta hakijafa, kimelala tu kikapuni, na mwenye nia mbaya anaweza kukiamsha. Mtu mwenye akili anamwaga kikapu. Mwisho wa kila somo walimwaga kikapu uani na kuchoma vikaratasi, kwa heshima, kama mazishi.

Chuo kizima kilisikika kama mvua ya mawe juu ya bati. Wapita njia walisimama kusikiliza vijana wakubwa, baba za watu, wakigonga mbao, na kuuliza kama ni kanisa jipya.

Alhamisi, esansi ikipatikana, jenereta iliwashwa kwa saa nne na zaidi, na kila mwanafunzi alipewa dakika nne kwenye kompyuta ya kweli. Fifi, wa uuguzi, msichana mwembamba aliyewahi kucheza kinanda cha kwaya, alizitumia dakika zake nne kama mtu anayekunywa maji. Jacques, wa kilimo, alizitumia kama mtu anayevuka mto. Jacques alikuwa mtoto wa mwindaji kutoka ndani ya msitu wa Walikale, mwanamume wa miaka ishirini na sita mwenye vidole vilivyozoea kutega nyaya. Kila alipogonga herufi moja zilitoka mbili, wakati mwingine tatu. Hakukasirika. Alifuta, akashusha pumzi, akakingoja kile kimstari kinachokonyeza pale kwenye ekra kama anavyongojwa mnyama ambaye lazima atapita. Wenzake walimcheka na kumwambia aende akawinde ordinatere, yaani kompyuta, kwa mbwa. Yeye naye alicheka, halafu akarudi kwenye mbao yake. Kwao alikuwa wa kwanza kufika chuo kikuu, na baba yake alikuwa ameshauza ngozi na bunduki yenyewe. Mtu wa namna hiyo hana ruhusa ya kuchoka.

Sasa tuje kwenye mtihani, kwa sababu humo ndimo balaa lilimokaa.

Waraka ulidai mtihani wa vitendo: jedwali lenye safu tano, lililojazwa na wanafunzi wenyewe, kila mmoja mstari wake. Mama Kavira alikuwa na safu nne: namba, jina, kitivo, pointi. Alitafuta ya tano. Alifikiria namba ya simu. Papa Albert alikataa, akaeleza kwa urefu kwamba simu zinaibwa, kadi zinakatwa, namba ya mtu wa Pinga leo iko yake na kesho iko ya yule aliyempora. Alitaka kitu kisichobadilika. Akasema: kijiji cha baba.

Hakuna aliyeshtuka, na hilo ndilo linalonichekesha mpaka leo, kama kucheka ndilo neno. Nchini kwetu huwezi kununua hata dawa ya minyoo bila karatasi inayouliza baba yako ametoka kijiji gani. Cheti cha ubatizo kinauliza. Karatasi ya shule ya msingi inauliza. Mama Kavira alikuwa ameandika swali hilo mara elfu nyingi katika miaka yake kumi na moja ya parokia, na jedwali lisilo na kijiji cha baba lilionekana kwake kama mtu aliyetoka bila suruali. Alikiweka katika safu ya nne, na pointi zikasogea kwenye ya tano.

Na huku kwetu, kati ya Masisi na Walikale, safu hiyo ndiyo inayoamua nani anavuka kizuizi na nani anabaki. Majina yamechanganyika: bibi wa huku, babu wa kule, padri Mwitaliano aliyebatiza, jina peke yake halitoshi kumhukumu mtu. Kijiji cha baba kinatosha. Kila mmoja wetu alijua. Lakini tulijua pale kwenye kizuizi; darasani ilikuwa somo la informatike.

Walifanya mtihani Alhamisi mbili mfululizo. Fifi alijaza mstari wake, akapanga jedwali, akaweka rangi, akabakiwa na dakika. Jacques alitumia dakika zote nne kuandika mstari wake peke yake. Jina lake alilikosea mara moja akalisahihisha. Kijiji cha baba yake alikiandika bila kosa hata moja, herufi kwa herufi, na Mama Kavira, mwenye saa, akamwambia muda umeisha. Alipata tisa juu ya ishirini. Ni pointi moja tu ilimtenga na kupita, na Mama Kavira hakuiongeza. Alimwambia iko sesheni ya pili, mtihani wa marudio, mwezi wa tisa, na kwamba tisa si aibu kwa mutu alianzia kwa mbao.

Papa Albert alitaka dunia ione. Alibeba kompyuta mpaka parokia ya jirani, siku nzima ya tope, ambako kulikuwa na printa na, kwa masaa mawili, intaneti. Alirudi na orodha: karatasi tatu, wanafunzi sitini na watatu, safu tano, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, muhuri juu ya kila karatasi. Akaibandika kwenye ubao wa matangazo wa chuo, ule ambao kila mwanafunzi wa nchi hii anauita valve, ukutani, nje, kando ya mlango. Kwa kuwa wanafunzi walioanguka wana tabia ya kuchana matokeo, aliibandika kwa uji wa mihogo, ambao ukikauka unashinda saruji. Juu yake akaweka plastiki ya kuzuia mvua. Juu ya plastiki kulikuwa na wavu wa chuma wa valve. Na juu ya wavu, kufuli. Kufuli lilinunuliwa katika duka la Mama Kavira, na ufunguo mmoja uliokuwepo alikaa nao Théophile, katibu wa chuo, kwenye mkanda wa suruali, pamoja na funguo nyingine za milango ambayo haikuwepo tena.

Siku ya tano baada ya kubandika, saa nane mchana, ikaja habari.

Habari huku hazitangazwi. Unaziona kwa miguu ya watu. Kwanza mbuzi, halafu akina mama wenye magodoro, halafu walimu. Wale waliokuwa wanaulinda mji walikuwa wameshaondoka tangu asubuhi bila kuaga. Wengine walikuwa njiani. Wengine nani? Pale watu walitofautiana. Mmoja alisema ni wale. Mwingine akaapa kwamba ni wale wengine. Wa tatu, mwenye elimu, alisema ni wale wa kwanza lakini sasa wako pamoja na wale wengine.

Mama Kavira alifunga duka na, badala ya kukimbilia shambani kama watu wenye goti zima, akapanda kwenda chuo. Alikuwa na wazo moja: ndani ya ile kompyuta mna watoto wa watu sitini na watatu, kila mmoja na kijiji cha baba yake, na amewaandikisha yeye. Alisema baadaye kwamba hakuwaza kitu kingine. Jedwali liko kwa ordinatere. Yeye ni mwalimu wa ordinatere. Basi kazi iko yake.

Betri ya kompyuta ilikuwa imekufa tangu mwaka jana, kwa hiyo ilibidi jenereta. Jenereta ilikataa mara sita, ikakubali ya saba. Aliwasha kompyuta. Na kompyuta ile, iliyoonja intaneti ya parokia kwa masaa mawili, ikamwambia kwa Kifaransa safi kwamba inajifanyia marekebisho, kwamba imefikia asilimia kumi na mbili, na kwamba asiizime.

Alikaa mbele yake, mgongo wima. Kumi na tatu. Kumi na tatu. Kumi na tisa. Nje watu walipita na mizigo. Jacques alipita pia, akasikia jenereta, akaingia kuangalia ni mwehu gani, akamkuta mwalimu wake anaitazama asilimia arobaini. Alimwambia waondoke. Mama Kavira alimwambia aongeze esansi.

Ilichukua karibu nusu saa. Ilipofunguka alitafuta jedwali, akalifuta, akamwaga kikapu, akahakikisha, kama alivyofundisha, bila kuruka hatua. Jacques, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alisema ni mara ya kwanza anaona kikapu cha kweli. Mama Kavira alizima jenereta na kusimama, na, kwa mara ya kwanza kwa kadiri mtu yeyote anavyokumbuka, alitabasamu.

Wakati huo Papa Albert alikuwa anavuka ua na koti lake la sherehe begani na mbuzi kwenye kamba. Aliwaona wakitoka, akauliza walikuwa wanafanya nini, akaelezwa. Akasimama. Akaangalia ukuta. Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kutoka kwake, kwamba liste, ile orodha ya karatasi, si bado iko kwa valve.

Théophile alikuwa ameondoka tangu saa sita kwa pikipiki kuelekea Nyabiondo, na mkanda wake. Papa Albert alisema anakwenda kutafuta nyundo. Mbuzi alikwenda naye. Hakuna aliyerudi.

Walianza na jiwe. Jacques aligonga kufuli mara ishirini, na kufuli halikuonyesha hata alama. Marehemu mume wa Mama Kavira hakuuza vitu vya hovyo. Walijaribu kung'oa wavu, lakini uliingizwa kwenye saruji. Mama Kavira alipitisha njiti ya kiberiti kwenye tundu: plastiki ilinuka na kukunjamana, karatasi iliyogandishwa ubaoni haikushika moto. Jacques alirusha matope, na plastiki ikayateremsha. Matundu ya wavu yalikuwa madogo, kidole hakipiti.

Mama Kavira alikunjua mwavuli wake, akavunja uti mmoja, akaunyoosha kwa meno. Uti ulipita. Ulitoboa plastiki, ukafika kwenye karatasi, na ukisuguliwa kwa nguvu ulikwangua wino mpaka kwenye ubao. Aliamua kukwangua safu ya nne peke yake. Majina yangekuwa mara tatu ya kazi. Karatasi ya kwanza ilikuwa juu, yeye mfupi. Jacques alileta benchi kutoka darasani, akalishika lisiyumbe kwenye tope, na Mama Kavira akapanda na goti lake.

Jacques aliuliza kama haingekuwa vizuri kuanza na wale wenye vijiji vya hatari. Mama Kavira alimwuliza nani wanakuja.

"Sijue, Mama. Wamoja wanasema ni wale, wengine wanasema ni wale wengine."

"Basi kila kijiji iko ya hatari. Mwalimu anaanzaka juu."

Namba moja, Fifi. Mikwaruzo kumi, kumi na miwili, kijiji cha baba yake Fifi kikatoweka. Namba mbili. Namba tatu. Mvua ilianza, nyepesi. Alifanya kazi kama alivyopiga chapa, bila kuharakisha, bila kuruka mstari, na Jacques chini yake alimsomea namba ili asipotee. Kwa vile karatasi zilikuwa zimepangwa kwa pointi, walikuwa wanateremka kutoka kwa wenye akili kwenda kwa wenzangu na mimi. Walimaliza karatasi ya kwanza. Mama Kavira akashuka kwenye benchi. Walipofika namba thelathini na kitu, alisimama kupumzisha mkono, damu ikimtoka kati ya kidole gumba na cha shahada, akauangalia mstari wa mwisho kabisa, kule chini, ambao sasa angeweza kuufikia bila kunyoosha mkono.

"Jacques, niruke nifute ya kwako?"

"Hapana, Mama. Tufuate liste. Kwetu hakuna muntu anapajua, hata ile karte, ile ramani ya ordinatere, haipaonyeshe." Akacheka kidogo. "Nani atachukia kijiji ya nyumba tisa?"

Naye Mama Kavira, Mungu amsamehe, aliona ni hoja.

Walikuwa kwenye namba arobaini na moja waliposikia pikipiki, nyingi, bila honi. Pikipiki za biashara hupiga honi. Mama Kavira aliendelea kukwangua mpaka Jacques alipomshika mkono na kumtoa, kitu ambacho mwanafunzi hamfanyii mwalimu, na kumsukuma kwenye shamba la mihogo nyuma ya chuo. Mama alitegemea kijana anakuja nyuma yake. Jacques alikuwa amerudi kuingiza benchi ndani. Lilikuwa la chuo, na mvua ilikuwa inanyesha.

Wenye pikipiki walimkuta kwenye mlango. Mama Kavira alikuwa hatua thelathini, kifudifudi kati ya mihogo, alisikia yote. Hawakupiga kelele. Mmoja wao alikuwa anajua kusoma vizuri, tena kwa sauti ya mwalimu. Alisimama mbele ya valve na kushangaa kwa nini juu pamekwanguliwa, halafu akasoma chini, ambako hapakukwanguliwa: mistari ishirini na miwili, jina, kitivo, kijiji cha baba, pointi. Siku ile waliokuwa wanatafutwa ni watu wa vijiji vya njia moja ya msituni, kwa sababu kwenye njia hiyo, wiki iliyopita, mtu fulani alikuwa amempiga mtu fulani risasi. Ingekuwa mwezi uliotangulia ingekuwa njia nyingine. Wiki mbili baadaye ilikuwa nyingine tena. Waliokwanguliwa wa njia ile walikuwa watano. Waliobaki walikuwa wanne.

Walimwuliza Jacques jina. Alilitaja lote, la nyumbani, la baba na la ubatizo, kwa mpangilio, kama anavyojibu mwalimu anapoita majina darasani.

Yule msomaji alitafuta kwa kidole juu ya wavu mpaka namba sitini na tatu.

Wengine watatu walichukuliwa jioni ile kwenye vyumba vyao vya kupanga, karatasi haikuwa na anwani lakini Pinga ni ndogo. Watano wa juu walikuwa kwenye vyumba vya jirani. Mmoja wao, Fifi, aliulizwa kijiji cha baba yake uso kwa uso na akataja Butembo, kwa lafudhi aliyoipata dukani kwa Mama Kavira. Walimwacha.

Kompyuta waliiona. Waliifungua, wakaifunga, wakaiacha mezani. Walichukua jenereta.

Kati ya wale wanne, mmoja alirudi baada ya miezi miwili. Hasemi lolote na hakai mgongo kwa mlango. Watatu hawajarudi. Baba yake Jacques alitembea siku nne kutoka msituni kuja kuuliza, akakuta Mama Kavira anauza misumari. Walizungumza nyuma ya duka, muda mrefu, na hakuna anayejua walisema nini, ila mzee alipotoka alikuwa amebeba ile mbao ya Jacques yenye herufi.

Chuo kilihamia upande wa Walikale-centre, kwenye ukumbi wa parokia, na Papa Albert akahamia nacho, na mbuzi. Kwenye kikao cha kuthibitisha pointi alipendekeza kwamba Jacques, kwa heshima ya ujasiri wake, apewe kumi, na cheti chake kiandikwe maneno mazuri ya kumsifu marehemu. Walimu waliinamisha vichwa. Mama Kavira alikataa. Alisema hakuna muntu aliona maiti. Alisema Jacques alipata tisa na iko na haki ya sesheni ya pili. Kwenye orodha ya sesheni ya pili jina lake limo, mwezi wa tisa ule na mwezi wa tisa uliofuata, na Mama Kavira, saa ya mtihani ikifika, huweka dakika nne, anakaa, zinakwisha, anaandika hakufika.

Basi, mwaka huu wakaja wageni. Mradi fulani ulikuwa umesikia kwamba katika vilima na misitu yetu, pamoja na yote, mjane mmoja amewafundisha wanafunzi wote wa chuo kompyuta kwa mbao. Walipiga picha za mbao. Walimpiga picha Mama Kavira na mbao. Kulikuwa na kitambaa kimeandikwa Kompyuta kwa Wote, kwaya, soda, na Papa Albert ndani ya lile koti. Mgeni mkubwa alizungumza dakika arobaini. Alisema giza limeshindwa. Alisema Pinga imeionyesha dunia kwamba hakuna bunduki inayoweza kuzuia maarifa, na kwamba historia itaandika jina la Kavira Elisabeth kwa herufi kubwa. Halafu akafunua mchoro wa jengo jipya: kompyuta arobaini, umeme wa jua, intaneti kutoka angani, viyoyozi, mlango wa vioo, na kando ya mlango, ukutani, ubao wa matangazo wenye wavu. Akasema kwamba mchoro si wake, ni wa Mama, na kwamba hakuna tofali litakalowekwa kabla Mama hajasema, mbele ya ukumbi huu wote, ni kitu gani moyo wake unaota kuongezewa.

Walimpa kipaza sauti. Mama Kavira aliusogelea mchoro, akauangalia kwa karibu, maana macho nayo yameanza kumsumbua.

"Iko muzuri," akasema. "Ile kufuli ya valve, muipatie funguo mbili."